Dele la Mwanaesha Mbele ya Jaji

Tangu kesi ianze, Mwanaesha Faraj hakai kitako. Huchekecha tangawizi, akaiacha, akaenda dirishani, akarudi kuichekecha ile ile. Yeye huuza tangawizi ya kutia kwenye kahawa, iliyosagwa pamoja na iliki, katika makopo yenye picha ya dele, kile chombo cha shaba cha wauza kahawa, chenye mdomo mrefu uliochongoka. Kampuni moja ya bara ilikuwa imeshasajili picha ya birika la shaba kwa masala yake ya chai kabla yeye hajaanza biashara. Sasa inataka mahakama imzuie kutumia dele. Wanunuzi, inasema, wanachanganyikiwa.

"Dele na birika!" humwambia kila anayeingia nyumbani kwake Kibokoni. "Birika la chai, dele la kahawa. Nani Mombasa hajui?"

Huo ndio uliokuwa utetezi wake wote. Kwa wakili wake, Mutunga, alikwenda na dele lenyewe limefungwa kanga, amwoneshe mshikio, mdomo na kifuniko. Mutunga alilitazama kwa adabu, akamrudishia.

"Bi Mwanaesha, jaji hatavipanga vyombo viwili aanze kutafuta tofauti. Mnunuzi hana viwili mkononi. Kimoja kiko rafuni, cha pili anakikumbuka nusu nusu. Jaji atajiuliza: mtu wa kawaida, aliyekiona mwezi jana, amebaki na nini kichwani?"

"Mtu wa kawaida wa wapi? Wa Kibokoni hakosei."

"Kwani unauza Kibokoni peke yake?"

Alilifunga dele tena kwenye kanga. Makopo yake yanafika Kisauni na Changamwe, na mwenyewe hujisifia hilo.

Siku chache kabla ya hukumu alishindwa kungoja. Alimwita Ashley, mpangaji wake wa ghorofani, karani wa bandarini aliyetoka Kakamega, ambaye hupita kando ya makopo hayo kila atokapo na aingiapo. Akamtuma duka moja la Bondeni linalouza bidhaa zote mbili.

"Niletee kopo langu."

"Lako lipi, mama?"

"Langu! Hulijui?"

Ashley alirudi na kopo lenye birika.

"Hili hapa. Mmebadilisha rangi kidogo?"

"Wewe mwana, unaishi juu ya kichwa changu!"

"Si chombo cha shaba, mama? Si ndicho hiki?"

Mwanaesha alilipokea kopo, akaligeuza, akaliweka chini, akalichukua tena. Ashley hakuwa na haraka, wala si mjinga. Kisha Mwanaesha akampigia simu Mutunga: awaulize wale wa kampuni kama watakubali abaki na jina lake kwenye kopo, dele liondoke.

Walikubali. Kesi ikaisha kwa maridhiano, naye akapewa muda wa kumaliza makopo yaliyokuwa madukani.

Utulivu haukurudi. Sasa huzunguka Makadara na Bondeni akikagua rafu, na kila picha inayompendeza anaikuta kwa mwenzake. Mejumaa, dada yake, alimshauri aweke mlango wa nakshi. Lakini mchele wa mtu tayari una picha ya mlango.

Juzi mchoraji alimletea kopo lenye ua la asumini. Mwanaesha alisimama nalo ngazini mpaka Ashley alipotoka kwenda kazini.

"Tazama."

Ashley akainama alisome vizuri. Mwanaesha akalificha nyuma ya mgongo.

"Usilisome! Pita tu. Nitakuuliza mwezi ujao."