Mlingoti Katika Shamba la Jirani

Juzi mafundi walipokuja kufunga mita ya umeme katika nyumba yangu mpya hapa Gilgil, niliwafuata nyuma kama mtoto, nikiwasumbua kwa maswali. Mke wangu alinicheka. Wewe ungenielewa, kama ungekuwako kijijini Bahati wakati stima ilipofika kwa nyanya yangu.

Niliishi naye, na kazi yangu kila jioni ilikuwa kupangusa kioo cha taa kwa gazeti kuukuu na kuongeza mafuta. Milingoti iliposimamishwa kando ya barabara, nyanya alianza kuimba hata akimenya viazi. Kisha fundi akaja, akatazama huku na huku, akatikisa kichwa.

"Mathe, hapa ni mbali na laini. Lazima mlingoti mmoja ukae kwa shamba la jirani. Akikataa, hakuna stima."

Nyanya na jirani huyo, mzee mmoja, hawakuwa wakisalimiana tangu ng'ombe wetu alipoingia kwake na kumaliza kabichi.

Asubuhi iliyofuata alijifunga kitambaa cha kanisani, akajaza chai ya maziwa kwenye chupa, akanishika mkono. Tulimkuta jirani akipalilia mahindi. Hakutukaribisha.

"Mzee, nimekuja kuomba mahali pa mlingoti," nyanya alisema. "Na zile kabichi, unisamehe. Ningekuja zamani."

Mzee aliegemea jembe lake. "Sasa mlingoti ukae kwangu, halafu mimi nikae kwa giza nikiangalia taa zako?"

"Nani amesema ukae kwa giza? Tuitishe stima pamoja."

Mzee aliangua kicheko, akaweka jembe chini, akapokea kikombe cha chai nyanya alichommiminia.

Siku ya kuwasha, jua lilikuwa likizama. Nyanya alibonyeza swichi mwenyewe, na sebule nzima ikawa nyeupe. Niliona masizi ukutani ambayo sikuwahi kuyaona! Hapo sauti ikatoka ng'ambo ya ua.

"Mama! Yako imewaka?"

"Imewaka, mzee! Yako je?"

"Imewaka!"

Waliulizana tena na tena, kana kwamba hawakusikia. Nami nilikimbia kati ya nyumba hizo mbili mpaka pumzi ikaniishia, kila upande nikikuta mwanga na watu wanaocheka.

Wote wawili wametutoka. Mashamba yao yamekatwa ploti za kujenga nyumba, na kuta za mawe zimepanda. Stima imejaa Bahati yote, lakini sijasikia tena watu wazima wakiitana hivyo kwa furaha.