Nani Atapanda Kwanza

Mama mkwe wangu alipostaafu ukunga, sisi wote pale kijijini Kisian tulidhani sasa atatulia. Tulimnunulia kiti cha plastiki chenye mikono, kile kikubwa, tukakiweka barazani ili akikalie na kutazama wajukuu. Hakukikalia hata mara moja. Kikawa kiti cha kuku.

Jina lake ni Jacinta. Alizalisha wanawake katika hospitali moja mjini Kisumu kwa zaidi ya miaka thelathini, na ukipita naye mtaani Kondele usitarajie kufika haraka. Kila baada ya hatua chache kuna mama anamshika mkono na kusema, "Huyu hapa ndiye ulinitolea," huku akimsukuma mbele kijana mwenye ndevu. Mama mkwe wangu humkagua kijana kuanzia kichwani kushuka chini, halafu humuuliza anasoma wapi. Kama hasomi, anaulizwa anafanya kazi gani. Nimeona wanaume wazima wakitafuta njia ya kumkwepa.

Mimi ni Mercyline, nimeolewa na mwanawe wa pili, Calvince. Nimetoka Webuye, kwa hiyo yeye huniita Nyar Webuye, yaani binti wa Webuye. Akiniita kwa jina langu najua kuna jambo zito. Basi siku moja nilisikia "Mercyline!" nikaacha ugali jikoni nikakimbia.

"Hii simu yako," akasema, "inaweza kunitafutia hawa watu ya kujitolea?"

Kumbe kuna mkunga mwenzake aliyekwenda Sierra Leone miaka miwili, akafundisha wakunga vijana, akarudi na habari zake kanisani. Tangu siku hiyo moyo wa Mama haukukaa. Alisema kule kuna wasichana wanatoka chuoni na kuachwa peke yao wodini na mama anayetokwa damu, na yeye yuko hapa anafukuza kuku barazani. Alisema hivyo kwa hasira, na mama mkwe wangu akisema jambo kwa hasira ujue ameshakata shauri.

Tulijaza maombi tukiwa tumekaa kitandani kwake, mimi nikiandika, yeye akigombana na maswali.

"Wanauliza umezalisha wanawake wangapi," nikamwambia.

"Mungu ndiye anajua. Andika wengi."

"Mama, wanataka nambari."

"Basi waulize Mungu."

Walter, mwanawe mkubwa anayeishi Nyamasaria, alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo. "Mama, watu wa umri wako wanalea wajukuu." Mama akamjibu kwamba wajukuu wana mama yao, na huyo mama ana mikono miwili. Mimi ndiye niliyekuwa nasemwa, na nilikuwa nimebeba mtoto mmoja na sufuria.

Ikaja safari ya cheti cha tabia njema, ile ya kupigwa alama za vidole. Vidole vyake havikusomeka. Miaka ya sabuni na dawa za hospitali ilikuwa imevilamba vikawa laini kabisa. Askari akamwambia apake mafuta, apumzishe mikono, arudi wiki ijayo. Tulirudi nyumbani akinung'unika njia nzima. "Nimeosha hii mikono ndio nisiwape watoto ya watu magonjwa, leo mikono yenyewe inaninyima tabia njema." Wiki iliyofuata vidole vilikubali, naye akamshukuru yule askari mpaka akamwuliza mama yake alimzalia wapi.

Mwishowe akaitwa kwenye mahojiano, ya kuonana kwa simu. Alivaa gauni la kanisani. Nilifukuza kuku, nikasimamisha simu juu ya mikebe miwili ya majani ya chai, na nikakaa kando nisionekane. Aliyemhoji alikuwa mwanamume mpole aitwaye Mark. Mama alijibu kila kitu bila kutetemeka, na nilimwona Mark akitabasamu, nikajua kazi imekwisha. Ndipo akauliza swali la mwisho: je, kuna jambo lolote nyumbani linaloweza kumrudisha kabla ya miaka miwili kwisha?

Ningekuwa mimi ningesema hakuna. Mama akasema, "Ndiyo. Kila Machi lazima nirudi nipande mahindi."

Mark akacheka kidogo, akadhani anapenda kilimo. Akasema bila shaka yupo mtu wa kumpandia.

"Hapana," Mama akasema. "Mimi nisipopanda, hakuna mtu kwa hii boma anaweza kupanda."

Hapo Mark akaacha kucheka. Mama akamweleza kama anavyofundisha mwanafunzi. Yeye ndiye mke wa kwanza wa marehemu Mzee Okello. Mvua ikinyesha, mbegu ya kwanza ya boma ni yake. Akishaitia ardhini, ndipo mke wa pili anapanda, halafu mke wa Walter, halafu mimi. Mtu akimruka mwenzake, boma limeharibika, na msiba ukiingia kila mtu atakumbuka nani aliruka. Mimi nilikotoka, mvua ikinyesha mama yangu alishika jembe na sisi tukashika yetu, mambo yakaisha. Hapa nilifundishwa kungoja.

Mark alisikiliza mpaka mwisho, na namshukuru kwa hilo. Akasema wanamtaka sana, ila hawawezi kumrudisha kila msimu wa kupanda. Azungumze na jamaa zake, awape jibu kabla mwezi haujaisha. Akishindwa, nafasi itakwenda kwa mwingine.

Kila mtu akaleta dawa yake. Pasta alisema hayo ni mambo ya kale, aombe na aende. Walter, ambaye sasa alikuwa amegeuka na kuanza kujisifu mjini kwamba mama yake anakwenda ng'ambo, alisema apande Januari kabla ya kuondoka, hata kama ardhi ni kavu. Mama akamtazama. "Mimi sipandii kuku," akasema.

Hakuna aliyethubutu kutaja dawa iliyokuwa hatua chache kutoka mlangoni kwake. Mke wa pili, Mama Achola, nyumba yake iko papo hapo kando ya ile ya Mama. Wanawake hawa wawili walikuwa wakisalimiana asubuhi na jioni, na zaidi ya hapo hakuna. Mama alikuwa akifanya kazi mjini miaka yote ile, na Mama Achola ndiye aliyelima, akafuga, akamuuguza mzee mpaka akazikwa. Na kila Machi alikaa na mbegu zake akimngoja mkunga apate siku ya mapumziko. Mwaka mmoja mkunga hakuja. Mvua ikanyesha, ikapita. Mama Achola alipanda akiwa amechelewa, akavuna magunzi. Watu wa Kisian wanaisimulia hadithi hiyo hata kwa wageni kama mimi, wakishusha sauti.

Basi siku zikapita. Halafu asubuhi moja nikamkuta amekikalia kile kiti cha plastiki. Amekipangusa mavi ya kuku, amekaa, mikono imelala mapajani, anatazama lango. Niliingiwa na hofu ambayo sijaipata hata siku ya uchungu wangu wa kwanza. Nilimwona amezeeka palepale mbele yangu, na ikaniuma sana.

"Mama," nikasema, "kwani Mama Achola anauma?"

Aliendelea kutazama lango. Lakini mchana aliinuka, akachukua mkebe wake wa mbegu, akanipa nibebe. "Twende, Nyar Webuye."

Mama Achola alikuwa ameanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya wavu, akifukuza kuku kwa kijiti. Alipotuona aliinuka, akaleta kigoda, akakipangusa kwa leso yake. Mama akakaa. Mimi nikabaki wima na mkebe.

"Umesikia nataka kwenda," Mama akaanza.

"Nimesikia. Watu yote ya Kisian wamesikia."

"Miaka mbili."

"Hata hiyo nimesikia."

Kuku akaiba omena, hakuna aliyemfukuza.

"Ule mwaka mvua ilipita," Mama akasema, "mimi nilikuwa wodi, na hakukuwa na mtu wa kunishikia zamu. Hiyo ni kweli. Lakini ningetuma mtu aje akuambie upande. Sikutuma. Nilitaka ungoje, ndio ujue mimi ndio mkubwa."

Nilitamani ardhi inimeze, maana maneno kama hayo hayasemwi mbele ya mke wa mtoto. Mama Achola aligeuza omena wake upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Nilijua," akasema. "Watoto wangu walikula unga ya duka mwaka mzima, na nilijua. Na bado nilingoja. Si wewe nilikuwa nangojea, Mama Walter. Nilikuwa nangoja boma isivunjike."

"Sasa nimekuja kukuambia usiningoje. Chukua hii mbegu. Machi ikifika, panda tu."

"Siwezi kukuruka."

"Mimi mwenyewe ndio nasema uniruke!"

"Wacha kunipigia kelele kwangu." Alisema taratibu, na Mama akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona. "Nitaingia shamba yako kwanza, na jembe yako, na mbegu yako. Wewe utakuwa kwa simu useme panda. Ukisema, natia yako, ndio niende yangu."

Mama akafikiri. "Na simu ikikataa kushika?"

"Nitangoja," akasema Mama Achola. "Si nimezoea?"

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Mama akanitazama kwa ukali, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akajifuta macho. Mama Achola alicheka mwisho, bila sauti, huku akiupokea mkebe kutoka mikononi mwangu.

Jioni ile ile tukampelekea Mark jibu. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Alichanjwa homa ya manjano akamkosoa muuguzi namna ya kushika sindano. Alijifunza salamu za kule kwenye simu yangu, ikawa asubuhi naamshwa na "Kushe!" kutoka uani, na watoto wakiitikia. Siku ya kufunga sanduku, Mama Achola alileta omena waliokaangwa wakakauka, amewafunga vizuri. Nikasema kule wana bahari nzima ya samaki.

"Wana omena?" akaniuliza.

Sikujua. Omena wakaingia sandukuni.

Aliondoka Januari. Mwezi wa pili ukapita, na Machi mvua ikanyesha usiku mbili mfululizo, ardhi ikawa nyeusi na laini. Asubuhi tukajipanga kwenye ukingo wa shamba la Mama. Mama Achola mbele na jembe la mwenzake na ule mkebe, Caren mke wa Walter nyuma yake, kisha mimi. Nikapiga simu. Haikushika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika.

Majirani pande zote walikuwa wameshainama mashambani. Jua likapanda. Upande wa ziwa mawingu yakaanza kujikusanya, na kila mtu anajua mvua kubwa ikija hapo hupandi chochote siku hiyo.

"Mama Mdogo," Calvince, mume wangu, akamwambia Mama Achola, "si yeye mwenyewe alisema upande? Anza tu."

Mama Achola akakaa chini kwenye ukingo, akaweka mkebe mapajani. Nami hasira zikanishika, sijui za nani, za simu au za mwanamke aliyeko mbali ambaye hata sasa anatungojesha. Nilimtazama Mama Achola alivyokaa, mgongo umenyooka, nikaelewa hivyo ndivyo alivyokaa miaka yote.

Saa saba ilikuwa imepita simu ilipolia. Uso wa Mama ukajaza kioo, jasho linamtiririka, barakoa imeteremka kidevuni.

"Nilikuwa na mama, mtoto alikuja miguu kwanza," akasema akihema. "Hawa wasichana wangu wamemtoa wenyewe. Wenyewe! Mimi nimesimama tu na mikono nyuma. Mko wapi?"

Nikampa Mama Achola simu.

"Tuko kwa shamba yako," akasema.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Mama akajipangusa uso kwa mkono, akapangusa tena.

"Nyieka," akasema. Maana yake ni mke mwenzangu, na tangu niolewe sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Nyieka, mvua itakupata. Wacha yangu. Panda yako kwanza."

Mama Achola aliitazama ile simu.

"Wewe shughulika na watoto ya watu huko," akasema.

Akaitia simu mfukoni mwa aproni yake bila kuizima. Akaingia shambani kwa Mama, akainua jembe, akachimba shimo la kwanza na kuangusha mbegu. Kutoka mfukoni, kutoka ng'ambo huko, tukasikia kichanga kikilia kwa nguvu. Mama Achola akafukia shimo kwa mguu, akasogea mbele, akachimba la pili.