Beji Kumi na Mbili za Wasikilizaji

Matroni wa bweni la wasichana alikuwa na miaka ishirini na sita ya kuwasikia watoto wa watu wakilia chini ya blanketi, na hakuna aliyewahi kumpa beji. Kwa hiyo Makamu Mkuu alipomleta mtaalamu kuwafundisha wanafunzi namna ya kuwasaidia wenzao waliolemewa na mawazo, yeye aliketi nyuma ya bwalo, akashona vifungo, akajitia hamnazo.

Aliyoyasema mtaalamu hayakuwa mabaya. Msikilize mwenzako bila kumkatiza. Usitangaze siri. La hatari mpelekee mtu mzima. Kilichomuudhi Matroni ni wale kumi na wawili waliokaa mbele: viranja watupu. Makamu aliwachagua mwenyewe kwa sababu, alisema, wana nidhamu na mwandiko mzuri.

"Mwalimu," Matroni alimwambia Makamu walipotoka, "hawa ndio wanaoandika majina ya wapiga kelele. Nani atawafungulia moyo?"

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Naona. Mvike na paka beji, panya waje kumweleza shida zao."

Makamu alicheka kwa pua, akaenda zake kuwagawia viranja beji na fomu za kuandikia shida watakazoelezwa.

Wiki ya pili, msichana wa kidato cha pili, aliyefiwa na mama yake wakati wa likizo, alimwambia kiranja wa bwalo kwamba usiku hapati usingizi, na chakula hakipiti. Kiranja alisikiliza, kisha akafanya alichozoea: akaandika jina, akaandika kosa. Jumatatu, mstarini, Makamu aliisoma fomu mbele ya shule nzima, kwa nia njema kabisa, akiomba wote wampe pole mwenzao "asiyekula". Waliocheka walicheka. Kabla ya kengele ya chai, mtoto alikuwa amefunga sanduku.

"Baba anakuja mchana, Matroni. Sirudi tena."

Matroni hakumbembeleza. Alijidharau pia, maana kitanda cha mtoto huyo kilikuwa hatua nne tu kutoka mlangoni pake, naye alikuwa kashughulika kuzicheka beji. Akamwita mtundu mmoja wa kidato cha tatu, ambaye viranja walichoka kumwandika kwa kupiga soga. Ni kitandani kwake wenzake walikokimbilia kila habari mbaya ilipofika.

"Mashuka arobaini yamekauka. Kunjeni nyinyi wawili. Mimi nina kazi."

Shuka hukunjwa na watu wawili wanaotazamana, wakikaribiana na kuachana. Matroni akajibanza stoo.

"Baba yangu alipofariki," mtundu alianza, "nililala na kiatu chake mwezi mzima."

"Muongo wewe."

"Kilinuka hatari. Lakini ningekitupa vipi?"

Mdogo akacheka, kicheko kikageuka kilio, na shuka likaanguka. Mtundu akaketi naye sakafuni.

Baba alifika na Makamu nyuma yake. Makamu aliomba radhi kama anayesoma ratiba ya mitihani. Mtoto alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia baba yake, mkono begani mwa mtundu.

"Nitabaki, baba. Ila mambo yangu nitamwambia huyu tu. Yeye haandiki."

Wasichana wakaendelea kukunja. Makamu akauliza kama naye anaweza kushika pembe ya shuka. Wasichana wakachukua shuka lililofuata, mmoja huku, mmoja kule.