Karani wa Mishahara ya Askari wa Akiba

Karani anayelipa askari wa akiba akipaza sauti, kuku wa mtaa wa pili huacha kutaga. Siku hizi mishahara hupitia benki tu, lakini yeye bado hulamba kidole gumba kabla ya kubonyeza kompyuta, kama anayehesabu noti. Mkwe wangu, fundi matofali aliyekuwa amejiunga na askari wa akiba, hakuwa na akaunti, hivyo alikuwa ameandikisha yangu mimi. Tulipofika naye dirishani, karani akanikazia macho. “Bibi, ni wewe uliyetambaa chini ya seng'enge mazoezini?” “Nilitambaa, mjukuu wangu, na bunduki mgongoni!” Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. “Sheria inataka akaunti yake mwenyewe, la sivyo mshahara unarudi.” Mkwe akanywea, kwani nyumba yake ilikuwa bado haina mabati, na mvua ilikaribia. Karani akafunga dirisha, akamshika mkono kama anayemsindikiza bwana harusi, wakavuka barabara hadi benki kumfungulia akaunti. Ijumaa mshahara ukaingia. Jumamosi mkwe alikuwa juu ya paa, misumari mdomoni.