Kambale na Majani ya Bukavu

Safari hii ilianza kwa sababu ya nafasi mbili. Timu kubwa ya Bukavu, ile ambayo mechi zake tunazisikiliza sote tukiwa tumeizunguka redio moja, ilikuwa imepoteza beki na winga wake. Wote wawili walikuwa wamepanda ndege kwenda kucheza Kinshasa. Mwalimu wa timu hiyo, Muzee Bisimwa, alikuwa amepita Goma wakati wa mvua, akasimama kando ya uwanja wetu wa Keshero chini ya mwavuli wake na kuwatazama vijana wangu mpaka filimbi ya mwisho. Sasa alikuwa ametuma neno: nimpelekee Kambale na Bahati, awajaribu.

Kwa wale wasiofuata mpira, nieleze kidogo. Timu yetu ni ya vijana, na hakuna anayekusudia kuzeekea ndani yake. Kijana anacheza kwetu, anakomaa, kisha anangoja. Anangoja mtu wa juu aondoke, na huyo wa juu naye anamngoja aliye juu yake. Wengine hungoja mpaka wanaoa na kwenda kuuza mbao. Kambale alikuwa amengoja kuliko wote. Ni beki mtulivu, mzaliwa wa Goma, mtoto wa wafanyabiashara waliotoka Butembo, na kila mtu Keshero alikuwa akisema yuko tayari. Baba yake naye alikuwa tayari, ila kwa jambo lingine: alitaka kijana apande lori lake la mizigo awe msaidizi. Alikuwa amekubali kusubiri mwisho wa msimu huu, si zaidi.

Bahati, winga, hakuwa na haraka yoyote. Alikulia Masisi kwa baba yake mfugaji, akaja Goma kwa shangazi yake kusoma, na mpira kwake ulikuwa mchezo uliomfuata tu njiani.

Asubuhi ya kuondoka, Mama Kambale alitusindikiza mpaka bandarini na beseni la sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani. Alimkabidhi mwanawe beseni, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, nakuachia mutoto. Akibaki kule, abaki na roho yake yote. Akirudi, arudi yote. Mi sitaki mutoto nusu-nusu."

"Mama, tunaenda paka hapa Bukavu tu," Kambale alisema kwa aibu.

"Njo hapo hapo mutu anapotea," alimjibu, akafunga kitenge chake vizuri na kurudi sokoni.

Meli iling'oa nanga jua likiwa limeshapanda. Nyuma yetu volkano ya Nyiragongo ilikuwa imejifunika wingu mpaka kifuani, na mitumbwi ya soko la Kituku ilikuwa ikirudi na samaki. Sitaha ilijaa viazi, kabichi, magunia ya vitunguu na jibini za Masisi zilizofungwa kwa majani ya mgomba. Wale wawili walikaa juu ya viazi. Bahati alilala papo hapo. Kambale alitazama Goma ikipungua, na nikaona jinsi alivyokuwa akiitafuta Keshero kwa macho hata pale ambapo macho hayangeweza tena kuifikia.

Tukiwa sambamba na kisiwa cha Idjwi, aliniuliza, "Mwalimu, kule banacheza juu ya majani?"

"Majani kabisa. Mazito."

"Sasa mutu akianguka, anasikia nini?"

Bahati alijibu bila kufungua macho. "Anasikia majani."

Mama mmoja mwenye vitunguu alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi pia nilicheka, na sikuuona uzito wa swali lile. Mnaujua uwanja wetu. Ni mawe meusi ya volkano, yaliyosagwa na miguu ya watoto kabla hatujazaliwa, na bado yanakata kama kisu. Kabla ya kila mechi timu zote mbili hujipanga mstari mmoja, mtu kando ya mtu, na kutembea wameinama toka goli hadi goli wakiokota mawe yaliyoamka. Na sheria ya kwanza ninayomfundisha mtoto yeyote siku anapokuja ni hii: usianguke. Beki wa Keshero hanyang'anyi mpira kwa kuteleza chini. Anakimbia ubavuni mwa mtu, anamwonyesha njia mbaya, anamsubiri akosee. Anayejitupa chini huacha ngozi pale pale.

Bukavu tulifika jioni. Mji unateremka ziwani kwa vidole vingi, na kila kidole kina nyumba zake na maua yake. Tulipanda hadi mtaa wa Kadutu kwa Mama Nsimire, mjane wa binamu yangu, ambaye alitupa bugali na sombe ya majani ya muhogo na kuwatazama vijana wakila.

"Batoto ba Goma, kule munakulaka nini? Mawe?"

"Mawe iko ya asubuhi, mama," Bahati alisema. "Jioni tunakula moshi."

Kuanzia hapo alimpenda Bahati. Kambale, ambaye alikula kimya na kuosha sahani zote bila kuambiwa, mama huyo alimwonea huruma.

Siku ya kwanza ya majaribio tulikuta uwanja ukiwa na umande. Muzee Bisimwa alikuwa amevaa koti lake la abakosti, vifungo vyote hadi shingoni, kana kwamba anakwenda ofisini. Alitusalimu vizuri, akawapa wangu jezi. Hapo Kambale alifanya jambo ambalo mtu wa Keshero pekee angelifanya. Alikwenda kwenye mstari wa goli, akainama, akaanza kutembea polepole akipapasa majani kwa mikono, akitafuta mawe. Alikuwa amefika karibu na katikati alipotambua kwamba yuko peke yake.

"We kijana, petit, umepoteza nini?" kipa wa Bukavu alimwuliza, na wenzake wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini Kambale alinyooka akiwa na mikono mitupu iliyolowa, asijue pa kuiweka.

Bahati alicheza kama aliyezaliwa pale. Alikimbia, akajitupa, akateleza juu ya umande kama ndama, akainuka na mpira. Kabla ya mapumziko Muzee Bisimwa alikuwa ameshatikisa kichwa kwa kukubali. Kambale alicheza mchezo wake, ule tunaousifu sisi: alisimama wima, akamfuata mtu, akangoja. Lakini juu ya majani mpira unakwenda haraka na winga haogopi chochote. Mara mbili alipitwa pale ambapo beki wa Bukavu angejitupa chini na kuufagia mpira.

Muzee Bisimwa alinivuta kando. "Yule wa mbele anabaki. Ule wa nyuma, Mwalimu, iko na woga."

"Hapana, muzee. Haiko woga." Nikamweleza uwanja wetu, nikamwita Kambale, nikamwonyesha magoti yake: hayakuwa na kovu hata moja. "Kwetu hii njo diplome ya beki."

Alicheka kidogo, akayatazama magoti yale kwa heshima. Kisha akasema kwa upole, "Nakusikia. Lakini mimi niko na majani. Nitamupa kipindi kimoja mu mechi ya Jumapili. Anioneshe kama anaweza kushuka chini."

Jumamosi tulitafuta mteremko wenye nyasi juu ya nyumba ya Mama Nsimire ili tujifunze kuanguka. Nilikuwa na imani. Nimefundisha watoto wengi mambo magumu, na najua kwamba jambo gumu hukatwa vipande vidogo. Nikamwambia akae, kisha ajilaze, kisha apige goti, kisha aje mbio na kujitupa. Aliweza yote isipokuwa la mwisho. Kila alipofika, miguu ilikataa. Ilisimama yenyewe. Bahati alikuwa akijitupa mbele yake, mara kulia, mara kushoto, akilala chali na kuinua mikono.

"Unaona? Niko muzima."

"Kichwa kinaona," Kambale alisema. "Miguu haioni."

Nikajitupa mimi mwenyewe, na umri wangu huu, nikabiringika mpaka kwenye ua wa watu. Mama mmoja aliyebeba makaa alisimama njiani akitutazama.

"Papa, munatafuta nini mu majani?"

"Tunajifunza kuanguka, mama."

"Aa. Mie nilijua bila masomo," alisema, akaendelea na safari yake.

Ndipo nilipomwuliza Bahati ni lini nilimfundisha kuteleza vile, maana sikukumbuka. Alinitazama kwa mshangao. "Si wewe, Mwalimu. Ni ndama. Kule kwa papa, ukitaka kukamata ndama, unamuangukia." Miaka yote nilikuwa nimewahesabu hawa wawili kuwa kazi ya mikono yangu na ya uwanja mmoja. Kumbe mmoja alikuja kwangu akiwa na kilima chake miguuni.

Jumapili, baada ya misa, uwanja ulizungukwa na watu. Kambale aliingia kipindi cha pili. Alicheza vizuri, akiwa amesimama, na mara kadhaa watu walimpigia makofi kwa jinsi alivyowasukuma wapinzani pembeni bila kuwagusa. Muzee Bisimwa hakupiga makofi. Alikuwa akingoja jambo moja. Karibu na mwisho lilikuja: mshambuliaji alipenya katikati, mbele yake kipa peke yake, na Kambale nyuma yake hatua moja. Hatua ile ndiyo iliyokuwa nafasi ya Bukavu, na lori la baba, na miaka yote ya kungoja. Nilimwona akifumba macho. Kisha akajitupa.

Alichelewa. Mpira ulikuwa umeshapita, naye akabeba miguu ya mtu. Filimbi ililia, penalti ikapigwa, goli likaingia. Kambale alibaki amelala ubavu, shavu kwenye majani, muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ameumia. Nilipomfikia nilikuta anaunusa uwanja.

Muzee Bisimwa alimshika bega mbele ya wote. "Uko beki, mwana. Lakini hauko tayari kwa majani. Mwaka huu nitatumia mutu mwingine. Mwaka kesho, kama Mwalimu anakuleta, nitakutazama tena." Alisema ukweli, na aliusema kwa namna ambayo mtu angeweza kusimama nayo.

Safari ya kurudi ilikuwa ya watu wawili. Bahati alitupungia mkono gatini akiwa na jezi mpya, akicheka, mpaka meli ilipogeuka. Hapo nikaona amekaa juu ya jiwe na kufunika uso. Kaptula ya Kambale ilikuwa na doa la kijani ubavuni, kubwa kama kiganja, na aliliwekea mkono juu njia nzima, kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke. Wakati wa kwenda alikuwa akitazama Goma ikipotea. Sasa Goma ilikuwa mbele, inakuja, naye alikuwa ameipa mgongo.

Keshero, watu walitupokea kwa furaha ya nusu. Mama Kambale alitaka kaptula aifue, mwanawe akakataa. Mama alimtazama vizuri, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu, nilikuambia nini?" Mazoezi ya kwanza, vijana walipojipanga kuokota mawe, waliacha pengo pale Bahati alipozoea kusimama. Kambale aliinama kama wengine, lakini aliokota jiwe, akalitazama, akalirudisha chini.

Nilikwenda kwa baba yake siku hiyo hiyo. Alikuwa chini ya lori lake, naye alinisikiliza kutoka huko.

"Mwalimu, msimu imeisha."

"Imeisha, papa. Lakini hakushindwa mpira. Alishindwa majani. Na majani Goma hatuna."

"Majani iko wapi sasa?"

"Masisi. Kwa baba ya Bahati. Bahati alikuwa anamusaidia na ng'ombe kila likizo, na sasa amebaki bila mutu."

Nyundo ikagonga chuma mara kadhaa. Kisha akatoka, akajifuta mikono. "Masisi njo kwenye nanunuaka maharagi. Bon. Aende kule, anikusanyie maharagi ya lori. Saa ingine, aanguke vile anataka."

Kituo cha mwisho, basi, ni Masisi, na huko nilimpeleka mimi mwenyewe. Baba ya Bahati ni mtu mrefu, mpole, mwenye fimbo. Alitupa maziwa, akauliza habari za mwanawe: anakula, analala, ana rafiki? Tulipomaliza kumjibu aliuliza tena yale yale, nasi tukamjibu tena. Kisha akatupeleka nyuma ya zizi, kwenye kilima cha kijani ambacho sijaona kingine kama hicho, akamwonyesha Kambale ndama mwekundu.

"Yule njo mukorofi. Bahati alijifunza kwa mama ya huyo ndama, akiwa angali mudogo."

Nilichojifunza mimi nawaandikia kwa kuwa wengi wenu mna watoto wanaongoja mahali fulani. Tulikuwa tukisema Kambale yuko tayari, na hatukukosea. Ila hatukuuliza tayari kwa ardhi ipi. Uwanja wetu ulimpa magoti yasiyo na kovu. Yaliyobaki lazima ayafuate mahali yalipo, nasi tusimwite mshindwa akiwa njiani.

Kambale alivua viatu. Kwa mazoea alitazama chini kwanza, akatembea ameinama hatua chache, kama anayeokota mawe. Baba ya Bahati hakumcheka. Kisha akakimbia. Ndama alikata kona, Kambale akajitupa, akamkosa, akateleza mbali juu ya majani yaliyolowa mpaka karibu na miguu yangu. Alibaki pale amelala, akitazama upande wa kusini, ambako nyuma ya vilima liko ziwa, na mwisho wa ziwa iko Bukavu.

"Mwalimu," alisema, "sikufunga macho."