Tafsiri ya Agnella

Agnella hutafsiri filamu za Kikorea kwa kipaza sauti katika banda la video la Mlabani. Jumapili hiyo ilionyeshwa filamu ya mwanamke aliyeachika, akajijenga upya kwa kuoka mikate. Mwishoni mumewe alirudi, akapiga magoti mlangoni.

Polikarpo, mtalaka wa Agnella, akasimama kwenye benchi la mbele, akamgeukia Agnella.

“Mama Edna, mwambie amfungulie!”

“Kaa chini, unatuziba!” watazamaji wakafoka.

Kwenye skrini mwanamke alifungua mlango, akamkumbatia mumewe huku akilia.

“Anasema,” Agnella akatafsiri kwa utulivu, “chukua kandambili zako uende.”

Banda zima likashangilia.

Asubuhi yake Polikarpo alikwenda kwa Agnella kuuliza kama tafsiri ile ilikuwa sahihi. Alizikuta kandambili zake kibarazani, zimeoshwa.