Gitaa Lisilo na Mbao

Kaka yangu mkubwa ni seremala huko Kanyakine. Nilipoajiriwa kufundisha Embu, alinitengenezea gitaa la mti wa muringa, nikalipiga katika kwaya ya kanisa kwa miaka mingi. Lilikuwa na sauti nzito, nzuri. Shida yake ilikuwa baridi na mvua. Kila Julai shingo ilipinda, sauti ikaharibika katikati ya ibada, nami nikampelekea alinyooshe. Hakuwahi kunung'unika.

Kisha nikanunua gitaa la kaboni kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Jeusi, jepesi, halijali mvua wala jua. Desemba nikaenda nalo nyumbani, nikalipiga kanisani, na baada ya ibada kaka akaomba alishike.

Aligonga mgongo wake kwa kidole, akasikiliza. "Hakuna mbao hapa?"

"Hata kidogo. Ni nyuzinyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Halipindi. Sitakusumbua tena na lile sanduku lako."

Wanakwaya walicheka. Nami nilicheka. Kaka alitabasamu, akanirudishia. "Ni kazi safi, mwalimu," akasema, akaenda kutafuta kofia yake.

Pasaka iliyofuata nilimkuta mkewe akilisha kuku. Mlango wa banda la vifaranga ulikuwa ubao mwembamba, laini ajabu, wenye tundu la mviringo katikati. Nikamwuliza ubao huo umetoka wapi.

"Hilo lilikuwa gitaa lako, shemeji. Alikausha hizo mbao miaka mitatu juu ya moshi wa jikoni, ndiyo lisipinde. Alitaka kukupa ile Desemba. Hukujua?"

Sikujua. Nilimfuata kaka shambani, alikokuwa akipogoa kahawa, nikamwomba msamaha, kisha nikamwomba anitengenezee lingine. Aliendelea kukata matawi.

"Sikukasirika," akasema. "Lako ni zuri kuliko langu, nililisikia mwenyewe. Lakini sasa macho hayaoni mistari midogo. Vitanda bado naweza."

Mpaka leo napiga lile la kaboni kila Jumapili. Halijaharibika hata siku moja, kwa hivyo hakuna kinachonipeleka Kanyakine katikati ya muhula. Tukipigiana simu tunaongea juu ya kahawa na mvua, halafu mmoja wetu anaaga.